Simba mpya hana machozi, wasema watoto wa Funzi

Na MWANDISHI WETU

Filamu ya katuni iliyopendwa na dunia nzima ilipotengenezwa upya kwa wanyama wanaoonekana kama wa kweli, mashabiki waligawanyika. Mwandishi wetu alizibeba filamu zote mbili hadi kisiwa cha Funzi, Kaunti ya Kwale, akawaachia watoto waamue.

NI baada ya swala ya isha kisiwani Funzi, kusini mwa Msambweni. Maji yamekupwa, mashua zimelalia ubavu karibu na mikoko, na watoto tisa wamebanana juu ya mkeka mmoja uani kwa mamangu mkubwa. Hapa hakuna jumba la sinema. Sinema yenyewe ni kipakatalishi changu, nimekiweka juu ya kinu kilichofudikizwa.

Nimekuja na filamu mbili zenye jina moja, The Lion King. Ya kwanza ni ile ya katuni iliyotolewa mwaka 1994, ambayo mimi niliitazama utotoni kwa kanda ya video iliyokuwa imechakaa kwa kuchezwa mno. Ya pili ni ya mwaka 2019, ambamo simba, nyani na fisi wanaonekana kana kwamba mtu alikwenda mbugani na kamera yake akawakuta wakizungumza Kiingereza.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Usiku wa kwanza tutazame ya zamani, usiku wa pili tutazame mpya, kisha niwaulize watoto wameipenda ipi. Swali hilo limewagombanisha watu wazima kote duniani tangu 2019. Nilitaka kusikia wangesema nini watoto ambao hawajaona hata moja kati ya hizo mbili. Kumbe ningekuja kuulizwa mimi.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuiona, hadithi yenyewe ni hii. Mfalme Mufasa ana mwana mmoja, Simba. Ndugu yake mfalme, Scar, anakitamani kiti. Anamtega Simba bondeni, kundi la nyumbu linatimka, Mufasa anamwokoa mwanawe lakini Scar anamwangusha naye anakufa. Mtoto anaaminishwa kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha babake. Anakimbia, analelewa na ngiri na mnyama mdogo wa jamaa ya nguchiro, hadi siku anaporudi kudai haki yake.

Miongoni mwa watoto walioketi mkekani alikuwamo mjukuu wa mama mkubwa, mvulana wa miaka minane. Babake, ambaye kwangu mimi ni ndugu, alitoka kuvua wakati wa kusi na hakurudi. Nyumbani hapo jambo hilo halizungumzwi sana. Mtoto mwenyewe, nilivyoambiwa, hakulia siku ile wala siku zilizofuata.

Katika katuni, Simba mchanga anamwendea babake aliyelala, anamsukuma kwa kichwa, anamvuta sikio, halafu anajipenyeza chini ya mkono wake na kulala hapo. Nyusi, mdomo, macho, kila kitu usoni mwake kinasema. Mvulana wetu alianza kulia kimyakimya, kisha kwa sauti. Wenzake wakanyamaza. Nilinyoosha mkono nizime, mama mkubwa akanishika.

“Muache, mwanangu,” aliniambia. “Muache alie. Amekaa nalo siku nyingi.”

Usiku wa pili tulifika mahali pale pale. Bonde lile lile, vumbi lile lile, simba mkubwa amelala na mdogo amesimama kando yake. Safari hii picha ilikuwa safi mno, ungeweza kuhesabu masharubu. Mvulana alitazama kwa macho makavu hadi mwisho wa kisa hicho, kisha akanigeukia.

“Shangazi, mbona huyu hasikitiki? Si babake amekufa?”

Manyoya ya kuhesabika

Swali la mtoto huyu ndilo hasa walilouliza mashabiki wengi ulimwenguni filamu mpya ilipotoka Julai 2019. Ili kulijibu hatuna budi kuangalia jinsi filamu hizi mbili zilivyotengenezwa.

Ile ya 1994, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, ilichorwa kwa mkono. Kabla ya kuanza, baadhi ya wasanii wa kampuni ya Disney walifika hapa Kenya mwaka 1991 na kuzuru Hell's Gate karibu na Naivasha. Simba wa kweli waliletwa hadi studio ili wachoraji wawatazame wanavyotembea na kupumua. Kisa cha nyumbu kutimka, ambacho kwenye skrini ni cha dakika chache tu, kilichukua zaidi ya miaka 2 kukamilika.

Lakini baada ya kumtazama sana simba wa kweli, wachoraji walimkiuka. Walimpa nyusi za kukunja. Wakampa mdomo wa kupinda kwa huzuni na macho ya kujaa maji. Simba wa mbugani hana hayo, ila sisi binadamu tunayo, na ndiyo maana tulimwelewa.

Filamu ya 2019 iliongozwa na Jon Favreau. Watu wengi huiita filamu ya wanyama wa kweli, jambo ambalo si sahihi. Hakuna simba hata mmoja aliyesimama mbele ya kamera. Favreau na wenzake walivaa miwani maalumu iliyounganishwa na kompyuta, wakatembea ndani ya mbuga isiyokuwepo, wakachagua mahali pa kuweka kamera. Kisha wataalamu wa kampuni ya MPC wakatia ngozi, manyoya, nyasi na vumbi. Favreau mwenyewe alifichua kwamba vipande 1,490 vya filamu hiyo vilitengenezwa kwa kompyuta, na ni kimoja tu, kile cha kwanza cha jua kuchomoza, kilichopigwa kweli barani Afrika.

Almuradi, filamu mpya nayo ni katuni, ila ni katuni iliyovaa ngozi ya simba. Na waliomvisha ngozi hiyo walijiwekea sharti: mnyama asifanye kwa uso wake jambo ambalo mnyama wa kweli hawezi kulifanya. Simba wa kweli halii babake akifa. Basi na huyu naye hakulia.

Mashabiki wagawanyika

Wahakiki walikatika mapande mawili, nusu hivi wakiisifu na nusu wakiilaumu kwa uso mkavu. Mwanamuziki Elton John, aliyetunga muziki wa nyimbo maarufu za filamu ya kwanza, alisema hadharani kwamba ile mpya ilimvunja moyo. Wapenzi wa Scar walilalamika kwamba wimbo wake ulifupishwa ukawa karibu na hotuba. Wasanii wengine waliingia kazini wenyewe, wakazichukua picha za filamu mpya na kuwachorea simba wale macho na nyusi za katuni, kama mtu anayemrudishia ndugu yake sura aliyoizoea.

Hata hivyo, si haki kusema filamu hiyo haikupata wapenzi. Watazamaji waliohojiwa wakitoka kwenye majumba ya sinema ya Marekani waliipa alama ya A. Mapato yake duniani yalipita dola bilioni 1.6. Mwaka 2024 ikafuata nyingine ya mtindo huo huo, Mufasa: The Lion King, iliyoongozwa na Barry Jenkins, nayo ikavuna zaidi ya dola milioni 700.

Hata kwenye mkeka wetu mpya ilipata wakili. Kijana wa kidato cha nne, mkubwa kuliko wote pale, aliniambia kwamba ile ya kwanza ni ya watoto wadogo na hii ndiyo filamu. Alipenda vumbi linavyotulia juu ya manyoya na jinsi misuli ya simba inavyocheza chini ya ngozi. Kisha akaleta hoja iliyonifanya nifikiri.

Vijana wa Funzi huwapeleka wageni kwa mashua juu ya Mto Ramisi kutazama mamba. “Mamba hana uso wa hasira, shangazi,” alisema. “Amelala tu, kama gogo. Ndiyo maana anatisha.”

Naam, kweli tupu. Fisi wa filamu ya kwanza waliwachekesha watoto. Wale wa filamu mpya waliwafanya wasogeleane na kuvuta kanga ya bibi. Uso usiosema kitu hutisha vizuri. Tatizo ni kwamba uso huohuo hauwezi kuomboleza.

Jambo moja linadhihirisha haya. Sauti ya Mufasa katika filamu zote mbili ni ya mtu yule yule, marehemu James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024. Baba wa usiku wa kwanza na wa usiku wa pili alinena kwa koo moja. Kilichobadilika ni nyuso.

Wala hili si la simba peke yao. Mwaka 2010 mfululizo wa katuni Avatar: The Last Airbender ulipogeuzwa filamu ya waigizaji wa kweli, mashabiki waliikataa, wakilalamika miongoni mwa mengine kwamba wahusika wakuu wenye sura za Kiasia walipewa Wazungu. Ulipojaribiwa tena kwa mfululizo wa televisheni mwaka 2024, watazamaji walikuwa wengi lakini lawama hazikuisha. Kinyume chake, One Piece ya mwaka 2023, iliyopigwa Cape Town, ilipokewa kwa mikono miwili. Mtunzi wa hadithi hiyo, Eiichiro Oda, alikuwa akiisimamia, na waigizaji waliruhusiwa kuruka, kupiga kelele na kukenua meno kama kwenye michoro. Mashabiki hawachukii upya. Wanachukia kunyimwa kile walichokipenda.

Fisi aliyeitwa tusi

Kuna lalamiko jingine ambalo nchi za mbali halisikiki, lakini Funzi lilisikika kabla filamu haijafika nusu. Mama mkubwa alikuwa jikoni akipepea makaa. Ghafla akatoka na kipepeo mkononi.

“Nani anatukana huko?”

“Si sisi, bibi,” watoto wakajibu kwa pamoja. “Ni fisi!”

“Fisi gani huyo?”

“Jina lake Shenzi, bibi.”

Mama mkubwa alisimama kitambo akiitazama skrini. “Basi huyo aliyempa jina hilo,” alisema, “hakuwa na wa kumuuliza?”

Swali la pili hilo, na zito kama lile la mjukuu wake. Filamu hii ilijaa maneno yetu tangu 1994. Simba ni simba, na Rafiki ni rafiki. Hapo hatuna ugomvi. Sarabi, mamake Simba, ni mazigazi. Ngiri akaitwa Pumbaa, yaani aliyepigwa na bumbuwazi. Lakini Shenzi ni neno ambalo wazee wetu walitukaniwa na walowezi enzi za ukoloni, na bado halitamkwi mbele ya mkubwa.

Filamu ya 2019 ilikuwa na nafasi ya kurekebisha. Ilibadilisha majina ya fisi wengine wawili, ikawaita Kamari na Azizi. Shenzi akabaki Shenzi, na sauti yake ikatolewa na mwigizaji Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Azizi, jina ambalo Pwani mzazi humpa mwanawe kwa mapenzi, likawa la fisi mpumbavu. Katika filamu ya 2024 Scar akiwa kijana anaitwa Taka. Watoto waliposikia kwangu kwamba huyo ni mwana wa mfalme, walicheka hadi wakaanguka. Kwao taka ni kitu cha kupelekwa jalalani.

Hapa ndipo mimi nilipokasirika, na sijapoa bado. Watu walioweza kuhesabu kila unywele wa simba ili awe wa kweli, walishindwa kusikia neno lisemavyo masikioni mwa wenyewe. Uhalisi wao uliishia kwenye manyoya.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Baina ya filamu hizo mbili kubwa palikuwa na mfululizo wa katuni wa watoto wadogo, The Lion Guard, ulioonyeshwa kwenye televisheni kuanzia mwaka 2016 hadi 2019. Anayesimuliwa humo ni Kion, mwanawe Simba. Rafiki zake ni Bunga, Fuli, Ono na Beshte. Fisi ni Janja, mamba ni Makuu, na nyoka mgomvi ni Ushari. Wanasema “poa” na “huwezi” na “hevi kabisa”. Mshauri wa Kiswahili wa mfululizo huo alikuwa Dkt Sarah Mirza, msomi mwenye asili ya Kenya. Mtoto anayeitwa Beshte kwenye katuni anaongea kama beshte wa mtaani kwetu. Kazi ndogo ya televisheni, isiyokuwa na hata robo ya fahari ya ile filamu, ilipata mtu wa kuuliza.

Hakuna matata ya nani?

Hatuwezi kuzungumzia filamu hii Kwale bila kuligusa neno linaloandikwa kwenye fulana zote za ufuo wa Diani. Nilimuuliza mama mkubwa kama yeye husema “hakuna matata”. Akacheka. “Hilo la hotelini,” alisema. “Sisi twasema hapana neno.”

Ni kweli kwamba hoteli ndizo zilizolikuza. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii katika hoteli za Pwani, ilirekodi wimbo Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata kundi la Boney M likatoa wimbo wake wenye maneno hayo hayo. Filamu ilipotoka 1994, dunia nzima ilidhani ni msemo wa nguchiro na ngiri.

Mwaka huohuo Disney iliomba kuusajili msemo huo kama alama ya biashara nchini Marekani, na usajili ukakubaliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018, filamu mpya ikinukia, Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi la kuitaka kampuni hiyo iuachilie. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini. Wanasheria walieleza kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kutamka neno. Inahusu bidhaa kama vile nguo. Mwenye duka la fulana Diani hakamatwi kwa usajili wa Marekani. Lakini aliyetia saini hakuwa akihofia polisi. Alikuwa akiuliza vipi salamu ya jirani inaingia kwenye daftari la mtu wa mbali bila jirani kuulizwa.

Kilichotokea Afrika Kusini kinaonyesha hasira hiyo ilitoka wapi. Mwanamuziki Solomon Linda alirekodi wimbo Mbube mwaka 1939 na kufariki mwaka 1962 akiwa maskini. Kutokana na wimbo wake ukazaliwa The Lion Sleeps Tonight, unaosikika katika filamu hii. Mwaka 2004 familia yake ilikwenda mahakamani, na mwaka 2006 mapatano yakafikiwa kuhusu malipo. Simba alikuwa amelala usingizi wa muda mrefu kabla ya wenyewe kuulizwa.

Wazazi na wanafunzi wafanyeje?

Simshauri mzazi yeyote azuie filamu mpya. Watazameni zote mbili, na mkiweza mketi pamoja na watoto badala ya kuwaachia skrini iwalee. Waulizeni ni uso upi uliowagusa na kwa nini. Jina likitajwa, waambieni maana yake. Mtoto anayejua kwamba Shenzi ni tusi na Sarabi ni mazigazi anatazama filamu hiyo kwa jicho ambalo mtoto wa London hana.

Na wewe mwanafunzi unayechora pembezoni mwa daftari wakati wa hesabu, usidharau mkono wako. Mwaka 2010 katuni za Tinga Tinga Tales, zilizochukua mtindo wa mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga, zilitengenezwa Nairobi na kuonyeshwa hadi ng'ambo. Tangu 2014 Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam imewafundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili. Kompyuta kubwa za Marekani zinaweza kukushinda kwa manyoya. Kwa kujua uso wa bibi yako unavyokuwa akisikia tusi, hazikushindi.

Asubuhi ya kuondoka kwangu tulisubiri maji yajae ili mashua ivuke kwenda Bodo. Mvulana alikuja kunisindikiza. Hakusema mengi. Alikaa kwenye ukingo wa mashua, akichezesha miguu majini, hadi nahodha alipoita.

“Shangazi, utarudi lini?”

Nikamwambia likizo ijayo, Mungu akipenda.

“Basi uje na simba,” akasema. “Yule wa kuchorwa.”